Hamira ikishinda njaa, jeni zake hufanya nini?

Swali: Shikamoo, mtaalamu. Nauza vitumbua na maandazi hapa Mikindani. Wiki mbili zilizopita niliroweka hamira kwenye bakuli, maji ya vuguvugu na sukari, na kabla sijaitia kwenye unga tukapata msiba, nikaondoka. Nimerudi siku ya nne. Bakuli limetulia kabisa, mashapo chini, harufu ya pombe. Nikasema nijaribu, nikatia sukari nyingine. Kimya. Karibu saa nzima hakuna povu, halafu taratibu likaanza. Mwanangu wa kidato cha sita anasema hamira ilipoona njaa "ilibadilisha jeni zake", na sukari ilipokuja ikabidi izibadilishe tena. Ni kweli? Na kama siku nne tu zinaipa tabu hivyo, hii ya pakiti inakaaje dukani mwaka mzima bila kula?

Marahaba, mama, na poleni sana na msiba.

Nianze na kijana, maana nadhani ndiye anayesubiri kuambiwa amepata au amekosa. Amepata jambo, amekosa neno. Jeni za hamira yako hazikubadilika. Wewe ulipokwenda msibani hukununua sanduku jipya la nguo. Ulifungua lile lile, kanga za harusi ukaziacha chini, ukatoa za msiba. Sanduku la hamira lina jeni, yaani maagizo ya kuendesha seli, zipatazo 6,000, zimeandikwa kwa herufi kama milioni 12 za DNA na kugawanywa kwenye nyuzi 16 ziitwazo kromosomu. Hilo tunalijua vizuri tangu 1996, mwaka ambao hamira ilikuwa kiumbe wa kwanza mwenye seli yenye kiini kusomwa herufi zake zote. Siku uliyoondoka na siku uliyorudi, herufi zilikuwa zile zile. Ni kweli kwamba seli hukosea herufi mara moja moja inapojigawa, lakini hayo ni makosa ya kunakili, yanatokea hata kwenye shibe. Njaa haiandiki upya. Inachagua ukurasa wa kusoma.

Na hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu uchaguzi wenyewe si mdogo, na sio wa namna ambayo watu wengi wanaufikiria. Watu hudhani seli yenye njaa huanza kuhangaika. Hamira haihangaiki. Jambo la kwanza inalofanya, na kubwa kuliko yote, ni kufunga milango.

Kabla sijafika huko, niseme kitu kuhusu bakuli lako, maana umenieleza njaa moja na mimi naona mbili. Maji na sukari si chakula kamili cha hamira. Sukari ni kuni: inatoa nguvu. Lakini seli ikitaka kuzaa, yaani kuchomoza kitoto ubavuni kama hamira inavyofanya, inahitaji pia nitrojeni ya kutengenezea protini na DNA. Kwenye unga ipo kidogo, kwenye juisi ya mabibo ipo, kwenye sukari ya dukani haipo kabisa. Kwa hiyo hamira yako ilianza kushinda njaa ya nitrojeni tangu saa ya kwanza, hata ulipokuwa unaona povu. Ilikuwa inawaka bila kuzaa. Baadaye sukari nayo ikaisha, njaa ya pili ikaikuta ya kwanza. Seli inazitambua njaa hizi kwa njia tofauti na kuzijibu tofauti, ndiyo maana nitazitenganisha.

Njaa ya sukari. Hamira ikipata sukari nyingi huichachua kuwa kileo na gesi hata kama hewa ipo ya kutosha kuiunguza yote. Kwa hesabu ya nguvu ni hasara, maana kuunguza sukari kwa hewa kunatoa nguvu nyingi zaidi kwa kila chembe ya sukari. Lakini inakula haraka kuliko jirani zake, na kileo inachokiacha nje kinawakaba vijidudu wengine. Wewe uliyekulia huku umeiona hesabu hiyo kwenye uraka: mabibo yanakamuliwa, hakuna anayetia hamira, kuvu wa porini, jamaa za hamira, waliokuwa kwenye ngozi ya bibo wanafanya kazi wenyewe, na kilichokuwa kitamu asubuhi kesho yake ni kikali. Kisha, sukari ikishaisha na hewa ikiwepo, hamira inarudi kula kile kile kileo ilichokitupa.

Kula kileo, hata hivyo, si kazi nyepesi. Inahitaji mitokondria iliyokamilika, yaani tanuri za seli za kuunguzia chakula kwa hewa, inahitaji vimeng'enya, yaani protini za kuharakisha kazi za kikemikali, vya kukirudisha kileo nyuma hatua kwa hatua, na inahitaji mtambo wa kutengeneza sukari ya ndani kutoka kwenye kitu kisicho sukari. Jeni za vyote hivyo zipo, lakini wakati wa shibe zimefungwa. Nani anakwenda porini na muo kuchimba ming'oko, viazi vyetu vya porini, wakati sufuria ya wali iko jikoni? Ming'oko ina ufundi wake: lazima uujue mmea, uchimbe ardhi ngumu, uchemshe vya kutosha. Tulipokuwa wadogo hatukuishika miuo hiyo mpaka Februari, fedha za korosho zimeshakwisha na mahindi mapya hayajakomaa. Muo haukuwa umepotea miezi ile mingine. Ulikuwa umesimamishwa nyuma ya mlango.

Mwaka 1997 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Joseph DeRisi, Vishwanath Iyer na Patrick Brown, walifanya kitu ambacho kabla ya hapo hakikuwezekana. Walichapa vipande vya karibu jeni zote za hamira kwenye kioo kidogo kama kile cha hadubini, kila jeni nukta yake, halafu wakaiacha hamira ile sukari yake mpaka iishe, huku wakichukua sampuli kila baada ya muda kuona ni nukta zipi zinawaka na zipi zinafifia. Sukari ilipokwisha, jeni zipatazo 710 zilikuwa zinasomwa angalau mara mbili zaidi ya awali. Zilizopungua kwa nusu au zaidi zilikuwa kama 1,030.

Mama, tazama namba hizo vizuri. Zilizofungwa ni nyingi kuliko zilizofunguliwa. Miaka mitatu baadaye kundi jingine la Stanford liliitesa hamira kwa njia nyingi, joto, chumvi, njaa, sumu, likakuta jeni kama 900 zinazoitika karibu kila aina ya mateso kwa namna moja. Kama 300 zilipanda. Kama 600 zilishuka. Yaani kwa kila mlango uliofunguliwa, miwili ilifungwa.

Inafunga nini? Zaidi ya kitu kingine chochote, inafunga kiwanda cha ribosomu. Ribosomu ndizo mashine zinazotengeneza protini, na seli moja ya hamira inayokua kwa kasi hutengeneza ribosomu kama 2,000 kwa dakika. Kwa dakika, mama, na seli yenyewe ukizipanga mia mbili kwa mstari hazizidi milimita moja. Kazi hiyo inakula sehemu kubwa ya kila kitu seli inachokinakili kutoka kwenye DNA. Mtu mwenye gharama ya namna hiyo akikatikiwa na kipato, hana haja ya kupiga hesabu ndefu ajue aanze kupunguza wapi. Tena haingoji jeni: ukiinyang'anya hamira sukari ghafla, ribosomu zilizokuwepo zinaacha kuanza protini mpya ndani ya dakika moja hivi. Jeni zinafuata nyuma, kuufanya uamuzi ule wa haraka uwe wa kudumu.

Sasa seli haina macho wala pua. Inajuaje kwamba sukari imekwisha? Kwa mihuri. Muhuri wenyewe ni fosfati, kipande kidogo cha kemikali kinachobandikwa kwenye protini na kubanduliwa. Kuna protini inayoitwa Msn2 ambayo kazi yake ni kuingia kwenye kiini, kutafuta mahali palipoandikwa herufi AGGGG mbele ya jeni, na kuiamsha jeni hiyo. Ni mwamshaji wa jeni za shida. Wakati wa shibe kuna ofisa mmoja, naye pia ni protini, jina lake PKA, ambaye anampiga Msn2 muhuri wa fosfati, na mwenye muhuri huo haruhusiwi kuingia kiini. Sukari ikikatika PKA analala, mihuri inabanduliwa, na ndani ya dakika chache Msn2 yuko ndani.

Upande wa pili kuna Mig1. Huyu ni mlinzi, na wakati wa shibe yuko ndani ya kiini, amekalia jeni za kula vyakula vigumu ili zisisomwe. Sukari ikishuka anaamka ofisa mwingine, Snf1, naye anampiga Mig1 muhuri wa fosfati, na Mig1 anatolewa nje. Nimewahi kumwona mwanafunzi akilia na jambo hili kwenye mtihani, kwa sababu alikuwa anakariri "fosfati inawasha" au "fosfati inazima". Haiwashi wala haizimi. Kwa hawa wawili muhuri una maana moja tu, "toka nje", ila maofisa wanaogonga hawafanyi kazi zamu moja: mmoja zamu ya shibe, mwingine zamu ya njaa.

Snf1 ana jamaa ndani ya mwili wako, anaitwa AMPK, na ukoo wao unajulikana kwa herufi zinazofanana. Kama una ndugu mwenye kisukari anayemeza metformin, mojawapo ya mambo ambayo dawa hiyo hufanya ni kumwamsha huyo AMPK, kuyaambia maini kwamba nguvu imepungua. Na asili ya jina Snf1 inahusu jikoni kwako: mwaka 1981 Marian Carlson na wenzake walikuwa wanatafuta hamira zilizoharibika zisizoweza kuchachua sukari ya mezani, kwa Kiingereza sucrose non-fermenting, na humo ndimo zilimotoka herufi Snf. Sukari ya mezani haiingii tu kwenye seli. Hamira lazima itoe kimeng'enya nje kiikate vipande viwili kwanza, na jeni ya kimeng'enya hicho ni mojawapo ya zile Mig1 anazozikalia.

Hapa kuna ushahidi mmoja ambao kwangu mimi unazidi mingine yote. Mbele ya PKA kuna protini iitwayo Ras, ndiyo inayompasha habari kwamba sukari ipo. Kuna hamira ambazo Ras yake imekosewa herufi ikaganda kwenye "sukari ipo", iwe ipo au haipo. Ukiziweka kwenye shibe zinakwenda vizuri, huwezi kuzitambua kwa macho. Zinyime chakula. Hazisimami kabla ya kujigawa, hazijiwekei akiba, hazivai ukuta mzito, na zinakufa mapema sana kuliko wenzao walio kwenye chupa ya jirani wenye njaa ile ile. Kilichoziua ni kutosikia kwamba kuna njaa. Na Ras hiyo hiyo, ya kwetu sisi binadamu, ikiganda hivyo ni mojawapo ya makosa yanayoonekana sana kwenye saratani.

Njaa ya nitrojeni ina ofisa wake mkuu, TOR. Jina lake linatoka mbali: kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, katikati ya bahari ya Pasifiki, uliochukuliwa na msafara wa Wakanada mwaka 1964, kulikuwa na bakteria anayetoa kemikali iliyopewa jina rapamycin kwa heshima ya kisiwa. Mwaka 1991, Basel, Uswisi, Joseph Heitman, Rao Movva na Michael Hall walitumia hamira kutafuta kemikali ile inamshika nani ndani ya seli, wakampata huyu, wakamwita shabaha ya rapamycin, kwa kifupi TOR. Ukimwekea hamira rapamycin kwenye chakula tele, inajiendesha kama yenye njaa. TOR akizimwa, kiwanda cha ribosomu kinafungwa, na milango ya nitrojeni ya kubangaiza inafunguliwa. Hospitalini dawa hiyo wanapewa baadhi ya watu waliopandikizwa figo.

Lakini ninayependa mimi ni Gcn4, na naomba uvumilivu, maana hapa kuna ujanja.

Gcn4 naye ni mwamshaji wa jeni, zaidi ya 500, nyingi zikiwa za kutengeneza asidi amino, yaani matofali ya protini, ambazo seli imezikosa. Kwa kawaida njaa inapunguza utengenezaji wa protini. Gcn4 ni protini. Sasa seli itaongezaje Gcn4 wakati huo huo imepunguza protini zote? Alan Hinnebusch na wenzake walitumia miaka mingi kuufungua mkufu huu. Barua ya Gcn4, ile nakala inayopelekwa kwenye ribosomu, ina aya nne fupi za uongo kabla ya aya ya kweli. Ribosomu ikimaliza aya ya kwanza ya uongo inaendelea kuteleza kwenye barua, lakini haiwezi kuanza aya nyingine mpaka ipate kifaa fulani cha kuanzia.

Fikiria mtu ameshuka Mingoyo, anatembea kwa miguu barabarani akitafuta bodaboda, na nyumba anayoitaka iko mbele kabisa, baada ya njia panda kadhaa. Siku bodaboda ni nyingi anapanda mapema, na dereva anakata kona kwenye njia panda iliyo karibu, anampeleka mahali pasipo na kitu, safari imeishia hapo. Siku bodaboda hazipo anatembea tu, anazipita njia panda zote, na anapokuja kupata usafiri tayari zote ziko nyuma yake, anafika nyumbani. Njaa ya asidi amino inazipunguza bodaboda. Protini nyingine nyingi zinapungua kwa sababu hiyo, na Gcn4 inaongezeka kwa sababu hiyo hiyo. Mtu akiniuliza nini kilinifanya nikaacha kufikiria udaktari nikaishia kwenye kuvu, ni barua hii.

Akiba ikipungua zaidi seli inageuka kujila. Si kwa wazimu. Inazungushia utando sehemu za ndani yake zilizochakaa au zisizohitajika, inaupeleka mfuko huo kwenye vakuoli, ambayo ni tumbo la seli, na inazivunja kupata asidi amino za kutengenezea vitu vya lazima. Yoshinori Ohsumi, huko Tokyo, alitaka kuona jambo hili kwa macho, na tatizo lilikuwa kwamba tumbo linasaga haraka mno. Akachukua hamira ambazo vimeng'enya vya kusaga vimeharibika, akazishindisha njaa, akaangalia kwenye hadubini. Baada ya saa chache vakuoli zilikuwa zimejaa vijimfuko vinavyochezacheza ndani, havisagiki. Kazi hiyo ilichapishwa 1992. Mwaka uliofuata alitoa orodha ya hamira zilizoshindwa kujila, na kwa kuzifuatilia zikapatikana jeni 15 zinazoendesha shughuli yote. Jamaa za jeni hizo tunazo sisi pia. Tuzo ya Nobel ya tiba ya 2016 alipewa peke yake.

Zipo njia nyingine za kuikabili njaa ya nitrojeni ambazo nitazigusa tu. Baadhi ya hamira hurefuka na kushikana kama minyororo, zikipatoboa mahali zilipo kana kwamba zinatafuta. Nyingine, zenye kromosomu jozi, zikikosa nitrojeni na sukari pia ikiwa hakuna, hufungua jeni iitwayo IME1, na hiyo inaanzisha safari ya kugawanya kromosomu na kutengeneza spora nne, yaani mbegu ndogo za kuvu, ndani ya kifuko kimoja, kavu na ngumu. Za kwenye pakiti za waokaji nyingi ni wavivu wa jambo hili, kwa hiyo sidhani bakuli lako lilifika huko.

Lilifika usingizini. Seli ambazo zilimaliza kujigawa kwa utaratibu zilisimama, zikanenepesha ukuta wa nje, zikajaza akiba mbili: glikojeni, kama ile iliyo kwenye maini yetu, na sukari moja ya ajabu iitwayo trehalosi. Ute wa ndani hugeuka kuwa na asidi zaidi na kuwa mzito, vitu vilivyokuwa vikielea vinakaa kama vilivyogandishwa mahali pake. Seli ya namna hiyo inakaa wiki nyingi.

Na hapa nakuja kwenye pakiti, ambalo ndilo swali lako zuri kuliko yote, hata kama umeliweka mwisho.

Trehalosi ni glukosi mbili zilizounganishwa, lakini kazi yake hapa si chakula. Maji yanapotoka kwenye seli, utando wake unajikunja na kushikana, protini zinaharibika umbo. Trehalosi inakaa pale maji yalipokuwa, inashikilia kila kitu kisianguke. Hamira isiyo nayo ikikaushwa haidumu muda mrefu. Wenye viwanda wanalijua hilo. Wanaikuza hamira kwenye matangi makubwa kwa molasi inayodondoshwa kidogo kidogo na hewa nyingi, makusudi isipate sukari ya kutosha kuanza kuchachua, maana kileo kwao ni hasara. Halafu mwishoni wanaikatia nitrojeni. Wanaishindisha njaa kwa makusudi, ili Msn2 aingie ndani, jeni za trehalosi zisomwe, na seli ijaze akiba hiyo ambayo inaweza kupita asilimia 10 ya uzito wake mkavu. Ndipo wanaikausha.

Kwa hiyo, mama, hamira ya pakiti haikai mwaka mzima ikivumilia njaa. Njaa yake ilikwisha pitia kiwandani. Ilipokaushwa ilikuwa tayari imefunga milango, imeweka akiba, na ikiwa kavu namna ile haifanyi karibu chochote. Kinachoimaliza ni hewa, joto na unyevu wa pwani yetu, ndiyo maana pakiti ukishaifungua ifunge vizuri, iweke kwenye friji kama unayo, na kama huna nunua pakiti ndogo ndogo.

Saa nzima ya kimya uliyoiona sasa inaelezeka. Ulipotia sukari, habari zilifika ndani haraka: Ras ikaamka, PKA akaanza kugonga mihuri, Msn2 akatolewa, Mig1 akarudi kiini, jeni za ribosomu zikaanza kusomwa ndani ya dakika chache. Lakini kusomwa kwa jeni si kupika. Trehalosi ilibidi ivunjwe, ute ulegee, milango ya kuingizia sukari itengenezwe na kupelekwa kwenye utando, na gesi ya kwanza huyeyuka kwenye maji kabla hujaona povu. Tena baadhi ya seli zilikuwa zimekufa, kwa hiyo walioamka walikuwa wachache kuliko waliolala. Kijana alikuwa na haki kuona kwamba kuna kitu kilikuwa kinageuzwa upya. Ila kilichokuwa kikigeuzwa ni usomaji.

Bakuli lenyewe usilitumie kwa maandazi. Siku nne wazi kwenye joto la Mikindani, si hamira peke yake iliyokuwa mle. Bakteria wa uchachu na wa siki nao huingia, na utaupata ukali wao kwenye vitumbua. Ukiroweka hamira kavu, maji yawe ya vuguvugu, kidole kivumilie bila tabu. Maji ya baridi ni mabaya kuliko watu wanavyodhani: utando uliokauka ukilowa kwenye baridi unavuja kabla haujajipanga, seli inamwaga vya ndani.

Na kama kijana anataka kuzitenganisha njaa mbili kwa macho yake, achukue glasi mbili zinazofanana. Ya kwanza atie maji yaliyochemshwa yakapoa, na sukari vijiko viwili. Ya pili atie maji ya dafu, yenye asidi amino zake, na sukari ile ile. Kila moja hamira kavu robo kijiko cha chai, azifunike kwa kitambaa. Zote mbili zitatoa povu siku ya kwanza, na povu lisimdanganye. Asubiri siku mbili, zitulie, halafu apime kwa rula unene wa mashapo meupe chini ya kila glasi. Kabla hajapima, aandike kwenye karatasi ni glasi ipi anadhani itakuwa na mashapo mazito, na kwa nini, akupe wewe uitunze hiyo karatasi.